Albertville ya Picha, Kalemie ya Watu



Kuko aina moja ya andiko ambayo sisi watu wa Kalemie tunaipenda sana. Inaanza na picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: bandari, gari la moshi, barabara yenye miti iliyopangwa sawasawa, nyumba yenye baraza pana. Chini yake mtu anaandika mistari kumi juu ya utoto wake: kuoga ziwani, ndakala zilizoanikwa juu ya mchanga, masomo kwa mapadri ao kwa masista, mkate wa asubuhi. Kisha anafunga: « Zamani mji wetu ulikuwa mji kweli. » Watu wanaweka mioyo, wanasema « eeh, zamani », na mazungumzo yanaishia pale.

Leo ninataka kulisoma andiko hilo vile tulivyofundishwa kusoma kitabu. Sitaki kumcheka yeyote. Mimi pia nikiona picha ya bandari, moyo unaruka. Lakini sisi ni watu waliosoma, na kitabu kikikosa kitu tunasema kimekosa. Kwa nini kumbukumbu za mji wetu zipite bila kuulizwa swali? Neno langu ni moja: kumbukumbu nyingi tunazoandika juu ya Kalemie tumeziazima kwa mpiga picha wa kikoloni, na njo maana hazitusaidii siku tunapozihitaji. Na siku ya kuzihitaji imekwisha kufika, nitaonyesha mbele.

Tuanze na picha zenyewe. Nyingi ni za wakati mji ulipoitwa Albertville, jina la Prince Albert, yule aliyekuja kuwa mfalme wa Ubelgiji. Kapteni Jacques aliweka ngome yenye jina hilo pwani ya Tanganyika mwisho wa 1891 na mwanzo wa 1892. Mji tunaoujua ulikua karibu na fasi mto Lukuga unapotoka ziwani, juu reli ya CFL kutoka Kabalo ilifika hapo mwaka 1915, kilomita 273. Jina Kalemie tulilipata mwaka 1966.

Sehemu kubwa ya picha hizo zilikuwa kadi za posta. Ziliuzwa ili zitumwe Ulaya, mama ao shangazi kule aone kwamba mtoto wake anaishi fasi safi. Angalia vizuri: barabara iko wazi, kivuli cha miti kiko, nyumba iko. Watu ni wachache. Mtu mweusi akionekana, yuko mbali, anabeba kitu, ao amesimamishwa kwa mstari. Picha inasema: hapa kuna nyumba na mashine. Haisemi nani alibeba matofali.

Kuko pia watoto wa Wabelgiji waliokulia hapa, na ambao walipozeeka waliandika utoto wao wa Albertville. Wengine wameandika vizuri, kwa upendo. Siwalaumu. Mtoto anaandika kile alichokiona akiwa amekaa barazani: ziwa, bustani, siku ya kwanza ya masomo, boyi wa nyumba aliyemfundisha maneno ya Kiswahili. Lakini ona: yule boyi ana jina moja tu. Hana baba, hana kijiji, hana nyumba anayorudi jioni. Kwa mtoto yule ni haki, hakujua zaidi. Taabu inaanza wakati sisi, wajukuu wa yule boyi, tunapochukua kumbukumbu ile ile na kuiita yetu.

Juu mji wa kwenye picha haukuwa wa wote. Chini ya utawala wa Wabelgiji, mweusi alikaa sité, na kutembea usiku kwenye mtaa wa wazungu kulihitaji karatasi ya ruhusa. Kwa hiyo ukiandika « mji wetu ulikuwa mzuri » juu ya picha ya barabara ile, unasifu fasi ambako nkambo wako alisimamishwa na polisi akaombwa karatasi. Yeye angeikumbuka barabara ile kwa namna nyingine kabisa. Je, tuliwahi kumuuliza?

Mfano wa pili ni vita ya mashua. Kila mtu anayetafuta habari za Kalemie anaipata hii kwanza. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka Cape Town, kisha kwa reli mpaka Fungurume, wakazivuta juu ya milima ya Mitumba, wakazishusha kwenye Lualaba, na reli ya Kabalo ikazileta mpaka kwetu. Mkubwa wao aliitwa Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 walikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa 7 mwaka 1916. Baadaye Waingereza waliiinua, na njo ile Liemba wazee wetu wanayoijua.

Habari hii ina vitabu. Peter Shankland aliandika The Phantom Flotilla mwaka 1968. Giles Foden aliandika Mimi and Toutou Go Forth mwaka 2004. Kitabu cha Foden kinachekesha: Spicer-Simson anajisifu kuliko kawaida, anavaa sketi, mwili umejaa chanjo za michoro. Unasoma mpaka usiku. Lakini kifunge, kisha jiulize: nimejua nini juu ya Kalemie? Umejua kwamba ni fasi ambako Waingereza na Wabelgiji waligombana kambini na kupigana na Wajerumani ziwani. Mji ni jukwaa tu. Wachezaji wanatoka mbali, wanacheza, wanarudi kwao.

Wale waliofyeka njia kwenye Mitumba, wakakata miti ya kujengea madaraja, wakavuta kamba wakati injini na ng'ombe vimeshindwa, walikuwa watu weusi kwa mamia. Kwenye vitabu hivi wanakuja kama hesabu: wafanyakazi wangapi, wapagazi wangapi. Huo ni upungufu wa kitabu, na mhakiki anapaswa kuusema hata kama kitabu ni kitamu. Sasa sisi tunapoandika juu ya vita ile, tunafanya nini? Tunarudia jina la Spicer-Simson na sketi yake. Tumekuwa na miaka zaidi ya 100 ya kuuliza ndani ya familia zetu: nani kati ya wazee wetu alivuta kamba ile? Andiko la namna hiyo sijaliona kati ya hayo tunayotumiana.

Mtu ataniambia: muzee, haya ni ya wakoloni, wao wanaandika hivyo tu. Hapana. Nilisoma Anglais, na mwalimu wetu mmoja alipenda vitabu vya vijiji vya Uingereza. Tulikuwa tunanung'unika: theluji, kondoo, nyasi kavu, vinatuhusu nini watu wa ziwa? Kumbe mle ndani kulikuwa na somo ambalo sikulipata kwenye vitabu vya vita.

George Ewart Evans alihamia kijiji cha Blaxhall, wilaya ya Suffolk, mwaka 1948. Hakuwa mtu wa pale, alitoka Wales. Alikuta majirani wazee, wachunga kondoo na wakata nyasi, na akafahamu kwamba hawa njo wa mwisho waliofanya kazi kwa mkono na kwa farasi kabla ya mashine. Akakaa nao, akauliza: chombo hiki mnakiitaje? Mstari wa wakata nyasi ulikuwa na watu wangapi, nani alitangulia? Mkate mliuokaje nyumbani? Kitabu kikatoka mwaka 1956, Ask the Fellows Who Cut the Hay. Yaani: kawaulizeni wale waliokata nyasi. Jina la kitabu peke yake ni darasa. Halisemi muulize mwenye shamba.

Ronald Blythe naye, mwaka 1969, alitoa Akenfield. Jina la kijiji alilitunga, lakini watu walikuwa majirani zake wa Suffolk. Kila mmoja anasema kazi yake: mfua chuma, nesi, mchimba makaburi. Na wazee hawapambi. Wanasema wazi namna wenye mashamba walivyowatumikisha mpaka mtu akaona kwenda jeshini ni nafuu. Laurie Lee, kwenye Cider with Rosie ya mwaka 1959, anaandika utoto wake katika kijiji cha Slad. Kati ya hao watatu yeye njo anayetia sukari nyingi zaidi. Lakini hata yeye, pamoja na maua na nyimbo, anaweka njaa, watoto waliokufa, na mauaji ambayo kijiji chote kilinyamazia.

Vitabu hivi vina makosa yao. Blythe alibadilisha mengi, huwezi kumtumia kama karatasi ya biro ya serikali. Lee anakumbuka mazungumzo ambayo mtoto wa miaka minne hawezi kuyakumbuka. Lakini kwa jambo moja vinatushinda: vinajua kwamba kijiji ni watu na kazi zao. Mwingereza maskini amepewa nafasi ya kusema jina la chombo chake. Mfanyakazi wa reli wa Kalemie bado anangoja.

Na kama Uingereza ni mbali, twende karibu. Mwaka 1965, pale Lubumbashi, wakati bado inaitwa Élisabethville, chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumba za wazungu, yaani mabouyi na wapishi, kilitaka historia ya mji iandikwe. Mwenzao André Yav akaiandika kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga, si cha shuleni. Inaitwa Vocabulaire ya mji wa Élisabethville. Ni kurasa chache zilizopigwa kwa mashine. Mtaalamu Johannes Fabian aliitoa pamoja na maelezo mwaka 1990, na leo wasomi wa dunia wanaisoma.

Kama mhakiki nitakuwa mkweli: andiko la Yav ni gumu kusoma. Alama za kusimama hakuna, maneno yanakatwa fasi ambayo hukutegemea, tarehe zingine haziko sawa. Lakini hakuna ukurasa ambao mtu wa kawaida amesahauliwa. Unajua bwana alimwitaje mfanyakazi, mfanyakazi naye alimwitaje bwana kwa siri. Unajua mshahara, chakula, kampi. Wale wapishi hawakungoja mwanahistoria kutoka Ulaya. Na hawakuandika « zamani kulikuwa kuzuri », hata kama kulikuwa na mambo waliyoyapenda.

Sasa ninauliza: Vocabulaire ya Kalemie iko wapi? Sisi tuna diploma, tuna simu zenye kurekodi sauti. Wao walikuwa na mashine moja ya kuandika.

Mtu akisema hatuna cha kuandika, mimi ninamjibu kwamba kiko mdomoni mwetu kila siku. Tunasema « siku ya posho » kwa siku ile Watanzania wanaita Jumamosi. Watoto wetu wanaisema bila kufikiri. Lakini posho ni chakula ambacho mfanyakazi alipimiwa: unga, maharagi, chumvi, samaki. Siku ya kupima posho ikageuka jina la siku yenyewe. Yaani kalenda yetu ilipangwa na ghala la kampuni. Hiyo ni historia kubwa kuliko mashua za Spicer-Simson, na haina hata sentensi moja kwenye yale maandiko ya « Albertville ya zamani ».

Ao chukua kiwanda cha pamba, Filtisaf. Picha zake tunazipenda, na watu wanalia: kazi zilikuwa, leo ni kuta. Kilio hicho ni cha haki. Kiwanda kikifungwa, mji unajua. Lakini andiko linaloanzia kwenye mlango wa kiwanda limekwisha kuruka nusu ya habari. Pamba haikuota kiwandani. Wakati wa ukoloni kulima pamba vijijini ilikuwa lazima, na aliyekataa alipata faini ao kifungo. Kama baba wa mtu alifuma kitambaa mjini, kuko mama wa mtu mwingine aliyevunja mgongo shambani kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Mwandishi mzuri wa utoto angeweka mtoto wa mjini na mtoto wa kijijini kwenye ukurasa mmoja. Hapo tungeelewa kwa nini wengine wanasema « zamani » wakitabasamu na wengine wanasema neno lile lile wakinyamaza.

Nilisema mwanzo kwamba kumbukumbu hizi hazitusaidii siku tunapozihitaji. Hapa sasa ninafika kwenye maji.

Mwaka 2021 ziwa lilipanda. Mwaka 2024 likapanda tena, likaingia kwenye nyumba za pwani, likala kuta, likafukuza watu. Si Kalemie peke yake, Uvira na Bujumbura pia waliona. Kila mahali nilisikia maneno yale yale: « haijawahi kutokea », « ni mwisho wa dunia », wengine wakasema ni uchawi.

Nkambo wangu mwanamke, mama ya mama, alikuwa amekwisha kufa. Lakini nikiwa mtoto, kila tulipotoka kuteka maji pamoja naye, alikuwa na tabia ya kuonyesha kwa kidole: « Hapa mpaka pale kwenye ule muembe, ni fasi ya maji. Ziwa iliazimisha tu. Wakati ya Mulele ilikuja kuchukua, ikarudisha. » Sisi watoto tulidhani ni hadithi ya kutuogopesha tusicheze pwani. Baada ya miaka mingi mjomba wangu alinunua kiwanja upande huu wa muembe. Kiwanja kilikuwa kikavu, bei nzuri, karatasi zote ziko. Alijenga vyumba vitano. Mwaka 2024 maji yalifika mpaka dirishani, na leo familia ile inakaa kwa watu.

Sasa sikiliza hesabu. « Wakati ya Mulele » hapa kwetu ni mwaka 1964. Mwezi wa 6 waasi waliingia Albertville, Jason Sendwe akauawa, na mwezi wa 8 mji ukachukuliwa tena na jeshi la serikali pamoja na mamluki. Na wale wanaopima ziwa wanasema nini? Kwamba mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za miaka ile, Tanganyika ilifika kwenye kimo cha juu kuliko miaka mingi kabla na baada. Mwanamke ambaye hakusoma alikuwa na kipimo chake, tarehe yake na mstari wake kwenye mchanga. Tarehe ilikuwa vita, mstari ulikuwa muembe.

Ukirudi nyuma zaidi, habari inaongezeka. Lukuga njo mlango mmoja tu wa kutokea maji ya ziwa hili. Cameron alipita mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na Stanley alikuta mlango umejaa matete na udongo, maji hayatoki vizuri. Ziwa likaendelea kujaa, mpaka karibu na 1878 likavunja kizuizi na kutoka kwa nguvu. Miaka iliyofuata likashuka karibu mita 10. Yaani kuko ardhi kubwa ya pwani ambayo nkambo wa nkambo wetu waliijua kama maji kabisa. Ziwa linapumua. Linachukua miaka mingi kwa pumzi moja. Mtu mmoja anaweza kuishi maisha yake yote bila kuona pumzi nzima, njo maana inahitajika mtu amwambie mtu.

Na sisi tulikuwa tunaambiana nini muda huo wote? Barabara safi, miti, mkate wa asubuhi.

Njo maana ninasema hili si jambo la mapambo ya lugha. Andiko la utoto likitaja kwamba « pale tulikuwa tunafunga mtumbwi, sasa ni nyumba », limetoa onyo ambalo linaweza kuokoa pesa ya mjane. Likisema tu « ziwa lilikuwa zuri », halijatoa kitu.

Ninajua majibu yatakayokuja. La kwanza: « Yaya, sisi tunaandika kwa furaha, hatufanyi mémoire ya chuo. » Sawa. Furaha iko na haki yake, tena mji huu umepita vita nyingi mno kuwanyima watu furaha ya kukumbuka. Lakini furaha haifukuzwi na ukweli mdogo. Mtu akiandika namna walivyoiba maembe, aongeze tu maembe yalikuwa ya nani na muti ulisimama wapi. Kicheko kitabaki, na mji utaongezeka.

Jibu la pili ni zito zaidi: « Kumbukumbu za wazee si za kuaminika. Wanachanganya. » Ni kweli wanachanganya. Yav alichanganya. Lakini picha pia inadanganya, tena bila kusema neno. Dawa si kunyamaza, dawa ni kulinganisha. Mzee anasema Mulele, mpima maji anasema 1964: vinakutana, tunashika. Siku havikutana, tunaandika yote mawili na kuacha swali wazi. Hivyo njo tulivyofundishwa.

Jibu la tatu watu hawalisemi kwa sauti: kuko mambo ya 1964, ya vita ya mwaka 1998, na ya miaka iliyofuata, ambayo jirani na jirani hawawezi kuyaandika wakakutana tena sokoni. Hilo ninaliheshimu. Kijiji cha Laurie Lee kilinyamaza miaka mingi. Si kila kitu kinasemwa leo. Lakini kimya juu ya damu kisitumike kama blanketi la kufunika pia posho, pamba, kampi na mstari wa maji. Hivi havina mtu wa kumwogopa.

Kwa hiyo nikisoma andiko jipya la « Kalemie ya zamani », ninalipima hivi. Je, kuko mtu mwenye jina la kazi yake, hata kama jina la baba yake limefichwa kwa heshima? Je, kuko fasi ambayo ninaweza kwenda kusimama leo na kusema, ni hapa? Je, kuko neno la zamani ambalo mtoto wangu halijui, limeelezwa? Je, mwandishi amemuuliza mtu mmoja mkubwa kuliko yeye? Likipata mawili kati ya hayo manne, mimi ninalihifadhi. Likiwa na picha nzuri peke yake, ninaweka moyo kama wengine na ninapita.

Wazee wa reli wanazidi kupungua Kamkolobondo, Kataki na Kitali. Mama waliouza mikebuka bandarini tangu kabla ya 1964 wanahesabika kwa vidole. Wengi wao hawataki mambo makubwa: kiti, kikombe cha chai, na mtu asiye na haraka. Siku ya posho hii mtu mmoja kati yetu aende na swali moja tu: « Mama, ukiwa mtoto, maji ilifika wapi? » Aandike jibu vile lilivyosemwa, kwa Kiswahili kile kile, aweke na jina la avenue. Picha si lazima.